Udhuru wa Bwana Applegarth

Jumanne, 10 Septemba

Desmond Applegarth hakuja kikaoni leo, kama ambavyo hakuja Julai. Aliyetangaza ni Lorna Tapp, karani wa baraza letu la kijiji, akisoma ajenda ya kwanza huku mvua ikigonga vigae vya Chumba cha Kusomea, ukumbi wetu wa vikao. "Udhuru: Bwana Applegarth." Sababu haikutajwa. Mwenyekiti, Philippa Garside, akasema udhuru umepokelewa, tukaenda ajenda ya pili.

Wajumbe tuko watano. Philippa huongoza kikao kama mtu anayemimina chai bila kutaka tone liguse kisahani. Roy Thackray analima viazi kando ya mto. Bev Stroud ana baa. Desmond amekaa barazani muda mrefu kuliko sisi sote. Wa tano ni mimi, niliyekuwa mwandishi wa habari wa gazeti la mkoa mpaka gazeti lilipofungwa.

Tulijadili mavi ya mbwa, shimo la barabarani mbele ya kanisa, na taa za Krismasi. Pendekezo langu la kugeuza Chumba hiki kiwe duka la kijiji limeahirishwa. Desmond analipinga, na hapa Saltersby hatupigi kura juu ya jambo linalopingwa na mjumbe ambaye hayupo. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni adabu tu.

"Basi tumngoje Desmond," akasema Philippa.

Tukakubali kumngoja. Tangu duka la mwisho lifungwe, kijiji kizima kinaendesha gari mpaka mjini kununua maziwa. Hata wazee ambao hawapaswi tena kushika usukani.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Mbwa wa Bev ameng'ata mfuko wa posta.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimejua kwa nini Desmond haji.

Asubuhi nilikuwa natembea kando ya ukuta wa kanisa, mwavuli mkononi, nikamwona mke wake Nesta anakuja katikati ya barabara. Alivaa ndara za chumbani na aproni ya buluu aliyokuwa akivaa dukani. Yeye ndiye aliyekuwa na duka la kijiji, na dirisha la posta ndani yake. Sasa nyumba ile ni ya watu wa London wanaokuja mwishoni mwa wiki. Mkononi alishika ufunguo.

"Umewahi, mpenzi," akaniambia. "Mkate haujafika bado."

Desmond alikuwa nyuma yake na koti lake la mvua, hakimbii, anatembea kwa haraka ya mtu asiyetaka kuonekana ana haraka. Akamvisha koti. Akamwambia leo ni Jumapili, hatufungui. Nesta akacheka, akajiita mjinga, akakubali kugeuka. Nikafikiri jinsi ambavyo lazima amwambie hivyo kila siku, na kwamba kila siku ni lazima iwe Jumapili.

Walipofika getini kwao alimwingiza ndani, akarudi kwangu. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Marian, hili lisifike barazani."

"Halitafika."

"Jioni ndiyo mbaya zaidi. Simwachi jioni. Lakini nikisema sababu, wataanza kuleta mapai ya kutupa pole."

Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye hakucheka.

Kazini nilikuwa natunza siri za watu mpaka saa kumi alasiri, muda wa kurasa kwenda mtamboni. Hii nitaitunza zaidi ya hapo.

Jumanne, 8 Oktoba

Udhuru: Bwana Applegarth. Umepokelewa.

Lorna aliuliza, kalamu hewani, kama kuna sababu ya kuandika. Philippa akasema tumwache bwana wa watu. Roy alikuwa anatazama gambuti zake. Bev alikuwa anapanga biskuti kwenye sahani upya, ingawa zilikuwa zimepangwa. Sikufungua mdomo, na sikuona vibaya. Nilijiona mtu mwaminifu katikati ya watu wasiojua kitu.

Duka limeahirishwa. Tumngoje Desmond.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Giza linaingia kabla chai haijapoa. Mto umepanda shambani kwa Roy na viazi vyake vya mwisho vimebaki chini ya maji. Ameniambia mwaka huu atauza supu moja kwa moja.

Jumanne, 12 Novemba

Lorna amesema leo kwamba Desmond atapoteza kiti chake Desemba.

Alilisema bila kubadili sauti, kama anayesoma ratiba ya basi. Mjumbe asiyehudhuria kwa miezi sita mfululizo anaacha kuwa mjumbe, isipokuwa baraza liwe limeikubali sababu yake kabla miezi hiyo haijaisha. Kupokea udhuru si kukubali sababu. Mara ya mwisho Desmond alikuja Juni kumi na moja. Kwa hiyo kikao cha Desemba kumi ndicho cha mwisho kinachoweza kumwokoa.

"Sheria ya nani hiyo?" akauliza Roy.

"Ya Bunge."

"Basi Bunge lije kwanza lizibue mtaro wangu."

Lorna alisema amempigia simu. Desmond alimjibu kwamba anaomba udhuru, asante, akakata. Philippa akauliza kama itafaa mtu amwandikie, kisha akajijibu mwenyewe kwamba ingekuwa kama kumdai mtu maelezo ya nyumba yake. Tukasema kweli, ingekuwa hivyo. Bev akasema atakuja tu, Desemba kuna vikeki vya zabibu, na Desmond hajawahi kuviacha vikeki vya zabibu.

Tulipotoka Bev alinishika mkono chini ya mwavuli wake. "Na asipokuja, mwandishi, duka lako litapata mlango."

Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini nilipofika kwenye kona ya kanisa nilikuwa nimeshawaza: kiti kikiwa wazi, hatutakuwa na mtu wa kumngoja. Naandika hapa kwamba niliwaza, kwa sababu hiyo ndiyo habari ya leo, na ile ya Lorna ni ya pili.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilipanga kwenda kwa Desmond kumwuliza kama naruhusiwa kusema. Mvua ilikuwa kubwa. Nimekwenda mjini kwa mvua hiyo hiyo kununua siagi.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimepita mbele ya nyumba yao. Desmond amefunga komeo jipya juu kabisa ya mlango wa mbele, mahali ambapo Nesta hafiki. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka mchana. Sikubisha hodi.

Nilijiambia kwamba mtu aliyeomba siri itunzwe hapaswi kukumbushwa kila mara kwamba unaitunza. Ni sentensi nzuri. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningeikata.

Jumamosi, 30 Novemba

Mchoro wa duka umefika kutoka kwa mchoraji. Kaunta upande wa dirisha, friji ya maziwa ukutani, benchi la wazee nje. Ni mzuri. Nimeubandika jikoni.

Jumanne, 10 Desemba

Niandike jinsi ilivyokuwa kabla sijaanza kuilainisha.

Tulikuwa wanne, na Lorna pembeni. Mahali pa Desmond tulikuwa tumeweka kiti, kama kawaida; hakuna aliyewahi kukiondoa. Vikeki vya zabibu vilikuwa mezani. Baridi ilikuwa kali na hita ya Chumba inanuka vumbi linaloungua.

Lorna akasoma ajenda ya kwanza. Udhuru: Bwana Applegarth. Kisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaweka kalamu chini. Alisema anapaswa kutukumbusha kwamba kesho ndiyo mwisho. Kama mjumbe yeyote angependa kuwasilisha sababu na kuomba baraza liikubali, huu ndio wakati wake.

Philippa alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kuna mwenye kujua sababu?"

Nimehudhuria vikao vingi maishani, vingine vya watu walioshtakiwa kwa mauaji, na sijawahi kusikia kimya kama kile. Roy alikuwa anakwaruza tope lililokauka gotini. Bev alitazama hita. Mimi nilitazama kiti kile. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, imekamilika, kiima na kiarifu. Nilikuwa nimempa Desmond neno langu. Hilo ni kweli. Nilikuwa pia na mchoro jikoni. Na hilo ni kweli. Nilipojaribu kujua lipi kati ya mawili lilikuwa linanifunga mdomo, sikuweza kuyatenganisha, na wakati najaribu, Philippa alisema, kwa sauti ndogo:

"Basi. Udhuru umepokelewa."

Umepokelewa, si umekubaliwa. Lorna akaokota kalamu yake.

Tukajadili taa za Krismasi. Upande wa kanisa haziwaki. Roy alisema atazitazama. Duka lilipofikiwa, Philippa akasema tuliache mpaka Januari, "mambo yatakapokuwa wazi zaidi." Hakusema tumngoje Desmond. Ni mara ya kwanza tangu Septemba.

Hakuna aliyegusa vikeki.

Alhamisi, 12 Desemba

Kiti cha Desmond kimetangazwa kuwa wazi. Lorna amebandika tangazo kwenye ubao wa kijiji, kando ya kituo cha basi, nyuma ya kioo, saa nne asubuhi.

Sikuwa na sababu ya kwenda kulisoma, nilijua linasemaje. Nilikwenda. Nikamkuta Roy amesimama mbele yake mvuani, trekta linaunguruma barabarani. Kisha Bev akatoka baa akijifuta mikono. Kisha Philippa akashuka kwenye gari lake, kitambaa kichwani. Hatukupanga. Tulisimama wanne mbele ya karatasi moja kama watu waliokuja kutambua maiti.

Roy ndiye aliyeanza. Alisema, bila kumwangalia mtu, "Na jinsi Nesta alivyo sasa, Desmond angefikaje kikaoni?"

Bev akamgeukia. "Wewe umejuaje habari za Nesta?"

Roy alijua tangu Julai. Alimkuta Nesta bandani kwake asubuhi moja anapanga magunia ya viazi kwa bei, ile bei ya zamani. Alimrudisha nyumbani kwa trekta na Desmond akamwomba asiseme. Bev alijua tangu Pasaka. Desmond humleta Nesta baa mchana kabla wateja hawajaja, kwa sababu kaunta inamtuliza. Anasimama nyuma ya kaunta anafuta glasi. Bev aliombwa asiseme. Mimi nikaeleza ya kwangu ya Septemba, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayezindukia kosa lake mwenyewe.

Tukamgeukia Philippa. Alikuwa amevua miwani, anaifuta, na mvua inailowesha upya.

"Desmond aliniambia mwezi wa tano," akasema.

"Kabla hajaacha kuja?" Bev akauliza.

"Kabla."

"Na juzi ukatuuliza nani anajua."

"Nilitaka mmoja wenu aseme, Bev. Mimi nilikuwa nimemwahidi."

"Sote tulimwahidi, mama."

Roy alicheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. Bev akasema watu wanne na siri moja, na hakuna aliyefungua mdomo. Tungekuwa wezi wa benki tungekuwa matajiri. Philippa akavaa miwani yake yenye maji na kusema tulilifanya kwa heshima. Roy na Bev wakaitikia kwa kichwa polepole, na ninaamini kwa upande wao ilikuwa hivyo.

Mimi pia niliitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimemwuliza Lorna kitu ambacho mwandishi yeyote anayeanza kazi angeuliza Novemba: mjumbe angepaswa kusema kiasi gani?

"Sababu za kifamilia," akasema. "Maneno matatu. Hayo hutosha. Hakuna ambaye angeuliza zaidi."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema karani hashauri wajumbe waseme nini wasipomwuliza, na hakuna aliyemwuliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafunga mkoba wake.

Maneno matatu, ambayo yasingemvunjia Desmond siri hata kidogo. Nilikuwa na miezi miwili na nusu ya kuyatafuta, na kuyatafuta ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote.

Jumanne, 24 Desemba

Nyimbo za Krismasi kanisani. Applegarth na mkewe hawakuja. Taa bado haziwaki. Philippa amepeleka pai.

Jumapili, 5 Januari

Maji kila mahali. Barabara ya mjini imefungwa kwa mafuriko, na kijiji kizima kimekopa maziwa kwa Bev. Watu wananisimamisha na kuniuliza duka lini. Mwezi uliopita ningefurahi.

Jumanne, 14 Januari

Baraza limepitisha duka la kijiji kwa kura mbili dhidi ya moja.

Nilikuwa nimeamua kuomba liahirishwe mpaka nafasi ya Desmond ijazwe. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yake nikiosha vyombo. Hakuna wapiga kura waliodai uchaguzi, kwa hiyo Februari baraza litateua mtu, na Lorna alisema aliyepoteza kiti kwa kutohudhuria haruhusiwi kurudishiwa, ila anaruhusiwa kuomba upya kama mtu mwingine yeyote. Mwombaji mmoja tayari yupo: Bwana Fairclough, mhasibu aliyehamia kwenye nyumba mpya karibu na daraja. Anapenda sana duka.

Philippa akafika kwenye ajenda ya duka. "Marian, hili ni lako."

Kila mtu alinitazama kwa upole. Roy alisema, si kwa kunishambulia, "Sasa hatuna wa kumngoja, au?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilisoma pendekezo. Nilieleza kaunta, friji, benchi. Nilieleza vizuri. Bev aliinua mkono kabla sijamaliza. Roy aliinua wa kupinga na kuuacha hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Philippa, kama kawaida yake, hakuupeleka mkono wake popote. Mkono wa pili wa kukubali ulikuwa wangu. Ningependa kuandika kwamba uliinuka wenyewe.

Bev alinibusu shavuni. Kiti cha Desmond hakikuwepo mezani. Mtu alikuwa amekirudisha kwenye rundo.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kwa Desmond kabla kumbukumbu za kikao hazijabandikwa ubaoni. Kubisha hodi kulinichukua muda wa aibu.

Alifungua mlango wa nyuma, kisu cha kumenya viazi mkononi. Amepungua. Shati lilikuwa safi lakini limefungwa vifungo kwa kupishana, na nikajua kwamba asubuhi zake zote zinaishia kwenye vifungo vya mtu mwingine. Hakuniambia karibu, alisogea pembeni tu.

Nesta alikuwa mezani anapanga makopo ya supu, maandishi yakitazama mbele. Akanitazama kwa macho makali ya mwenye duka.

"Wewe ulikuwa unakuja kununua stempu tu," akasema.

"Anakukumbuka," Desmond akasema. "Pole."

Na ni kweli. Miaka yote ile nilinunua stempu kwa Nesta, na mkate, maziwa, nyama na kila kitu kingine nilinunua mjini, kwa sababu nilikuwa napita huko kwa gari hata hivyo. Duka lilipofungwa niliandika habari yake ya safu mbili. Nilimnukuu Desmond akisema watu wa kijiji wanapenda kuwa na duka kuliko kununua dukani. Nilidhani ni sentensi ya uchungu. Ilikuwa hoja, na ndiyo hiyo hiyo amekuwa akilipinga nayo duka barazani.

Nilimwambia duka limepita. Akaendelea kumenya.

"Desmond, mimi nilijua, na nilinyamaza."

"Nilikuomba unyamaze."

"Si kwa ajili hiyo tu."

"Najua. Kuhesabu kura ninajua, Marian." Alitumbukiza kiazi kwenye maji. "Si wewe peke yako. Nilimwomba kila mmoja wenu asiseme. Nilitegemea mmoja angekosa adabu."

Nesta alimwuliza kama mwenye mayai amekuja. Akamwambia kesho. Akamwambia kwa sauti ile ile ya Septemba, sauti isiyochoka, kisha akanigeukia kwa nyingine.

"Nilikuwa navaa tai kwa ajili ya baraza. Mara moja kwa mwezi. Watu wananiita Bwana Applegarth, tunagombana kuhusu shimo la barabarani, narudi nyumbani. Basi. Sikuwa nataka kingine."

Nilimwambia kwamba anaweza kuomba upya, mwisho wa maombi ni Januari thelathini na moja, na kikao cha uteuzi ni Februari. Nilimwambia kuhusu Fairclough. Alikuwa anajua, Lorna ndiye aliyempigia simu.

"Lazima nisimame mbele yenu niombe," akasema. "Na nani atakaa naye? Mgeni hamtaki. Wanaomjua wote wamekaa kwenye meza ile."

"Mimi."

Aliacha kumenya. "Kura yako itakuwa jikoni kwangu."

"Ndiyo."

"Watabaki watatu. Wakitosha akidi, wanampa mhasibu, na wewe upo hapa unapanga supu."

"Inawezekana."

"Sitaki huruma yako."

Nilimwambia sikuja nayo. Sijui kama alinisadiki. Sijui kama ni kweli. Alinitazama kama mtu anayekagua kiazi kabla ya kukata sehemu iliyooza, kisha akasema atafikiri, na kwamba mlango wa nyuma unakwama, niuvute kwa nguvu. Nje mvua ilikuwa imeacha. Nilifika nyumbani nikabandua mchoro jikoni. Halikuwa jambo la maana. Nimeuweka kwenye droo, wala sijauchana.

Jumanne, 21 Januari

Bev amesema waziwazi atampigia kura Fairclough. "Desmond nampenda, anajua. Lakini duka linataka mhasibu, si mtu wa kulipinga kila mwezi. Na wewe usinitazame hivyo, ni duka lako."

Ni duka langu.

Jumatano, 29 Januari

Baridi kavu. Hakuna habari kutoka kwa Desmond. Nilitembea mpaka kwenye ubao mara mbili kuona kama kuna jina jipya, ingawa majina ya waombaji hayabandikwi hapo na ninajua hayabandikwi hapo.

Jumapili, 2 Februari

Desmond Applegarth ameomba. Lorna amethibitisha kwa simu: barua yake ilifika Ijumaa jioni, muda ukiwa karibu kuisha, aliileta mwenyewe kwa miguu, amemshika Nesta mkono.

Yeye mwenyewe alinipigia baadaye. Hakuniambia asante na nilishukuru kwa hilo. Alinipa maelekezo kama anayemkabidhi mtu zamu. Nisimsahihishe Nesta. Akisema duka linafunguliwa, niseme leo Jumapili. Chai yake sukari mbili. Asiione saa ya ukutani ikikaribia saa mbili, huwa anatafuta koti. Akilia nimpe makopo.

"Na akiniambia tena habari ya stempu?"

"Mkubalie," akasema. "Ni kweli."

Roy atampigia kura Desmond. Bev atampigia kura Fairclough. Kwa hiyo ni lazima Philippa ainue mkono, ambaye tangu nimjue hajawahi kuamua hata aina ya biskuti. Alinisimamisha nje ya kanisa leo, amekunja karatasi ya ratiba ya ibada mpaka imekuwa ndogo kama stempu, akaniuliza kama kweli sitakuwepo. Nilimwambia sitakuwepo. Akaniomba, kwa adabu zake zote, nifikirie upya: kura yangu ingemwondolea yeye mzigo. Nilimwambia mzigo ni wake. Aliumia. Ni mara ya kwanza kumkosea adabu mwanamke huyu, na imechelewa kwa wiki saba.

Lorna ameshaandika udhuru wangu. Nilimwomba auandike na sababu yake kamili, jina la nyumba na jina la Nesta, baada ya Desmond kuruhusu kwa maneno yake mwenyewe: "Liandike. Wameshaleta pai."

Sijui itakuwaje. Fairclough ni mtu mzuri na duka litamhitaji. Desmond akirudi atalipinga kila mwezi mpaka lifunguliwe, na pengine atakuwa sahihi. Nikihesabu kura, sipati jibu, na hilo si kawaida yangu.

Kikao ni Jumanne, tarehe 11 Februari, saa moja na nusu usiku, Chumba cha Kusomea. Kuteua mjumbe ni ajenda ya sita. Desmond ataondoka kwake saa moja na robo, na ameniambia niwe kwenye mlango wa nyuma saa moja kamili, apate muda wa kufunga tai.